Tarehe Ifuate Chakula Hadi Chunguni: Shajara ya Mradi wa Katuba

29 Septemba 2025

Leo tumeanza. Siku yenyewe tumeichagua: tangu 2020 Umoja wa Mataifa huitumia tarehe hii kuwakumbusha watu juu ya chakula kinachopotea na kinachotupwa. Kikundi chetu ni likelemba (chama cha kuchangiana fedha kwa zamu) ya akina mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, pamoja na familia chache za Kamalondo na Kenya. (Kwa msomaji wa mbali: Kenya ni komine ya mji wetu, jirani na Katuba.) Kazi tuliyojipa ni hii: kila nyumba iweke kaye (daftari) jikoni, iandike chakula inachokitupa na sababu ya kukitupa. Kisha tujifunze pamoja kusoma tarehe zilizochapwa kwenye mikebe, chupa na pakiti, tuone kama ndoo ya takataka itapungua uzito.

Baba mmoja wa kanisani ameniuliza kama haya si mambo ya Wazungu, maana sisi tunatafuta cha kula na wao wanatafuta pa kumwaga. Nimemjibu kwa takwimu za shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Ripoti yake ya 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, na kwa wastani kila mtu duniani alitupa kilo 79 nyumbani kwake. Kati ya nchi za kipato cha juu na zile za kipato cha kati, tofauti ya utupaji wa nyumbani ni kilo chache tu kwa mtu. Na katika nchi yetu zaidi ya watu milioni 25 wana njaa kali. Mama anayemwaga mkebe mzima uliokuwa bado mzuri amemwaga na franka alizoziuzia vitumbula barabarani tangu alfajiri. Kwangu hiyo yatosha kuwa sababu.

Katikati ya Oktoba

Kaye za kwanza zimerudi. Nimezisoma zote usiku, na ninaandika hapa nilichokiona ingawa hakiupendezi mradi wenye jina la tarehe: vitu vinavyotupwa zaidi havina tarehe yoyote. Bukari (ugali) iliyolala, mkate uliokauka, lengalenga (mchicha) na sombe (majani ya muhogo) vilivyonyauka, nyanya zilizopondeka ndani ya mfuko. Hivyo vinatupwa kwa sababu ya kupika kupita kiasi na kununua bila hesabu. Tutavishughulikia, lakini kwa njia nyingine.

Sasa tuje kwenye vitu vyenye tarehe. Ni vichache kwenye ndoo, ila ndivyo vyenye bei. Sababu iliyoandikwa karibu kila mahali ni maneno mawili: "tarehe imepita." Mkebe wa tomati ambao haujafunguliwa. Biskwiti za watoto. Tambi. Pakiti ya chumvi! Chumvi, inayohifadhi samaki mwaka mzima, imetupwa kwa ajili ya tarehe. Nyumba moja ilitupa maziwa ya boksi kwa kusoma tarehe ya kutengenezwa kana kwamba ni ya mwisho. Boksi lilikuwa na miezi mingi mbele yake.

Na katika kaye hizo hizo kuna kinyume chake, ambacho kinanitisha zaidi. Soseji za frigo zimeliwa siku nyingi baada ya tarehe kwa sababu "hazikunuka." Maziwa ya mtoto mchanga yametumika baada ya tarehe kwa sababu mkebe ulikuwa wa bei, nani atautupa?

Mama mmoja wa Kamalondo ametueleza fikra yake vizuri: "Tarehe ni ya dawa. Ikipita, ni sumu." Hakuna aliyecheka. Famasi ndiyo iliyotufundisha wengi wetu kutazama tarehe, na pale tulifundishwa tarehe ya aina moja tu. Kwenye chakula ziko mbili, na zinasema mambo mawili tofauti. Tukilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Mwisho wa Oktoba

Siku ya ubao. Kila mtu alileta vifuniko, makaratasi na maboksi matupu kutoka nyumbani. Tukayamwaga mezani na kuanza kuyagawa.

Upande wa kijani tumeweka tarehe za ubora. Kwa Kifaransa zinaandikwa "à consommer de préférence avant le" au "avant fin", na kwenye bidhaa zinazopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini utakuta "best before" au herufi mbili tu, BB. Mtengenezaji anaahidi kwamba hadi siku hiyo ladha, harufu na ukavu wa kitu vitakuwa kama alivyokusudia. Siku ikipita, biskwiti inaweza kulegea, kahawa ikapungua harufu, tomati ikabadilika rangi kidogo. Kama kitu kilikaa pakavu na pakiti haijatoboka, unafungua, unatazama, unanusa, unaonja, unaamua mwenyewe.

Upande mwekundu ni tarehe za usalama: "à consommer jusqu'au" kwa Kifaransa, "use by" kwa Kiingereza. Hizi huwekwa kwenye vitu vinavyoharibika upesi: nyama mbichi ya pakiti, soseji, samaki wa baridi, baadhi ya vitu vya maziwa. Hapa pua haina kazi. Bakteria kama Listeria huendelea kukua ndani ya frigo na chakula kikabaki na harufu yake nzuri. Sheria ya Ulaya ya 2011, ile yenye namba 1169, inasema wazi kwamba baada ya tarehe hiyo chakula kihesabiwe kuwa si salama. Kodeksi, yaani kanuni za chakula za kimataifa zinazosimamiwa na FAO na Shirika la Afya Duniani, ilizitenganisha tarehe hizi mbili upya mwaka 2018 kwa sababu hata huko walikogundua frigo watu walikuwa wanazichanganya. Tume ya Ulaya ilikadiria mwaka huo huo kwamba hadi asilimia 10 ya tani milioni 88 zilizokuwa zikitupwa Ulaya kila mwaka ilihusiana na tarehe hizo.

Maboksi mengine yalikataa kuingia upande wowote, na hapo ndipo mjadala ulipopamba moto. EXP peke yake, bila maneno mengine: tumekubaliana kuiweka nyekundu, maana Kodeksi nayo huihesabu pamoja na tarehe za usalama. "Sell by" ni ya mwenye duka, imwongoze kupanga rafu. Mnunuzi hana haja nayo, na jimbo la California limepitisha sheria ya kuiondoa machoni pa wanunuzi kuanzia Julai 2026. MFG, MFD na PROD ni siku ya kutengenezwa. Namba ndefu inayoanza na L ni ya kundi la bidhaa, ya kumsaidia kiwanda kuzifuatilia, wala haihusu siku ya kula.

Halafu mpangilio wa namba. Bidhaa za China huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mara nyingi kinachochapwa ni siku ya kutengenezwa pamoja na idadi ya miezi ya kudumu. Hesabu unaifanya mwenyewe. Za Marekani huanza na mwezi. Kwa hiyo 05/11 inaweza kuwa Mei au Novemba, kutegemea kitu kimetoka wapi. Ushauri tulioupitisha: tazama kwanza nchi, ndipo usome tarehe.

Maziwa ya watoto wachanga tumeyapa mahali pake juu kabisa ya ubao, kwa kalamu nyekundu. Tarehe ikipita, hayatumiki, hata kama mkebe haujafunguliwa, kwa sababu virutubisho vilivyoahidiwa vinapungua na mtoto hana chakula kingine. Marekani, ambayo haina sheria moja ya taifa juu ya tarehe za vyakula, imeliweka sharti hilo kwa maziwa hayo peke yake. Yaya (dada mkubwa) mmoja alinyamaza kwa muda mrefu baada ya kusikia hayo. Kisha akaomba tumwandikie kwenye karatasi apeleke kwa mdogo wake Ruashi.

Novemba, mvua zimeanza

Tumefika kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita kwa mstari mmoja, nasi hatuwezi kulipita. Tarehe ya usalama imehesabiwa kwa sharti. Soma chini yake: "conserver entre 0 et 4 °C." Kiwanda kinasema, nikitunziwa kitu hiki kwenye baridi hiyo bila kukatika, ninakihakikisha hadi siku fulani. Mvua ikinyesha na umeme ukaondoka tangu saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi, sharti limevunjika. Tarehe iliyochapwa haikuhusu tena.

Ndiyo maana nasisitiza kila kikao: hapa kwetu tarehe nyekundu si ya kuongezwa hata siku moja, na mara nyingine inafika kabla ya siku yake.

Tumeandika kanuni za umeme kukatika, na nimezibandika kwenye mlango wa frigo yangu. Mlango usifunguliwe. Frigo iliyofungwa hutunza baridi kwa saa nne hivi. Kongelateri (friza) iliyojaa hustahimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24, kwa hiyo mwenye nafasi tupu aijaze chupa za maji yaliyoganda. Nyama, samaki, maziwa yaliyofunguliwa na chakula kilichopikwa vikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili visirudishwe kungoja kesho. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya 60. Katikati ya hapo vijidudu huzaana.

"Mimi nachemsha tena, vinakufa," amesema mama mwenye nyumba kubwa. Vijidudu vingi vinakufa, ni kweli. Sumu ambazo baadhi yao wamekwisha kuziacha ndani ya chakula hazifi kwa moto. Hili lilihitaji kikao kizima, na sijutii muda wake.

Wiki iliyofuata: sokoni

Tulikwenda soko la Kenya, na baadaye soko la Mzee, tukiwa na kaye. Nilitaka kuona tarehe inaishia wapi.

Inaishia kwenye katoni. Tomson, samaki wa baharini, anafika katika katoni zilizoganda, nyingi zikitoka Namibia, na juu ya katoni kuna kila kitu: tarehe, baridi inayotakiwa, nchi. Mama anayenunua samaki watatu anapewa samaki watatu. Maziwa ya unga yanapimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye vifuko vidogo. Mafuta yanamiminwa kwenye chupa ya maji. Unga unatoka kwenye mfuko wa kilo 25 na kupimwa. Wengi wetu tunanunua hivyo kwa sababu pesa ya siku ndiyo inayotuambia kiasi, na sioni aibu yoyote hapo. Lakini maana yake ni kwamba familia nyingi za mji huu hula chakula kilichoachana na tarehe yake njiani. Kuwafundisha kusoma pakiti tu ni kuwafundisha kusoma kitu ambacho hawapewi.

Hapo mradi ukageuka. Tukaongeza maswali mawili ya kumuuliza muuzaji, kwa heshima: "Mama, nionyeshe mfuko ulikotoka," na "ulifunguliwa lini?" Wauzaji wengi hawakuona ubaya. Mmoja alikata upande wa katoni wenye tarehe na kuuegemeza mbele ya samaki wake, na wateja wakaanza kusimama kwake. Siku mbili baadaye jirani yake naye akafanya hivyo. Sikutegemea jambo hilo, na nimefurahi mno.

Juu ya tomson nataka kuandika kwa urefu, maana ndiye samaki wa wengi. Samaki wa jamii yake akikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake. Mtu hula, na baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, ngozi inawasha, moyo unakwenda mbio. Wengi hudhani ni mzio au wamerogwa. Histamini haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na samaki aliyeyeyuka na kugandishwa tena anaweza kuwa nayo bila kunuka. Kwa hiyo tarehe ya katoni ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kama samaki bado ni mgumu kwa barafu unapomshika. Nunua mwishoni kabisa, baada ya mboga na unga, upike siku hiyo hiyo.

Mwanzo wa Desemba

Tarehe ya tatu imezaliwa jikoni kwetu: tarehe ya kufungua. Kila iliyochapwa na kiwanda inasema juu ya kitu ambacho bado kimefungwa. Maziwa ya boksi yanaweza kukaa miezi rafuni, ila yakifunguliwa yamebaki na siku tatu hivi, tena ndani ya baridi. Tomati iliyobaki ihamishwe kutoka mkebe hadi kwenye bakuli lenye kifuniko. Mayonezi iliyofunguliwa inataka frigo. Tumegawana utepe wa karatasi na kalamu: ukifungua, andika siku, bandika. Vifuko vya maziwa ya unga vivyo hivyo, kwa siku aliyokutajia muuzaji.

Watoto ndio waliolishika haraka. Katika nyumba moja ya Kenya mtoto wa masomo ya msingi ndiye karani wa frigo, na baba yake haruhusiwi kufungua kitu kabla hakijaandikwa.

Pamoja na utepe tumeweka desturi ya kupanga: kinachokaribia mwisho kinakaa mbele, kipya kinaingia nyuma. Kaye zinaonyesha kwamba desturi hii peke yake imeokoa vitu vingi kuliko somo zima la ubao.

Kabla ya Bonane (Mwaka Mpya)

Desemba hujaa bidhaa za bei ya chini zenye tarehe iliyo karibu. Tumejadili: ni halali kuzinunua? Nasema ndiyo, kwa zile za kijani, tena ni akili nzuri. Mchele, tambi, biskwiti, mikebe, ukijua utavila lini. Kwa zile nyekundu, nunua kile tu kitakacholiwa leo.

Ila kuna tarehe zilizochezewa. Tumeona mkebe uliokwanguliwa, na pakiti yenye karatasi mpya iliyobandikwa juu ya ile ya zamani. Kitu cha namna hiyo tusikinunue kwa bei yoyote, na tusibishane na muuzaji mdogo ambaye pengine naye alidanganywa. Kudhibiti ubora wa bidhaa zinazoingia nchini ni kazi ya Ofisi ya Udhibiti ya Congo, OCC, na taarifa zipelekwe huko.

Mikebe inahitaji jicho la pekee. Ya nyama na samaki hudumu miaka. Ya tomati na matunda, kwa ajili ya uchachu wake, huchoka mapema zaidi. Mkebe uliovimba, unaovuja, au uliobonyea kwenye mshono hauonjwi hata kwa ncha ya ulimi, tarehe iwe bado mwaka mzima. Sumu ya botulini haina ladha wala harufu ya kukuonya.

Januari 2026

Unga. Niliuacha kwa sababu ndio mgumu, na mvua sasa zimefika kila ukuta.

Kila mtu hapa anakumbuka ukame ulioikumba Zambia mwaka 2024, hadi serikali yake ikatangaza janga la taifa, nasi tukaona thamani ya mfuko mmoja wa unga. Ndiyo maana hakuna anayetaka kuutupa. Wadudu wakiingia, chekecha, anika, tumia, wanachukiza tu. Ukungu ni habari nyingine. Mahindi na karanga vikipata unyevu, kuvu wa Aspergillus hutoa aflatoksini, sumu inayoshambulia ini na isiyoondoka kwa kupika bukari hata saa nzima. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mfuko unaweza kuwa na tarehe ya mbele kabisa na unga wake ukawa umeganda mabonge ya kijani kwa sababu ulilala sakafuni. Tumenunua mbao za kuinua mifuko, na kila nyumba imeahidi kuisogeza mbali na ukuta. Unga wenye ukungu hatuli, na kuku hatumpi.

Kaye za mwisho wa mwaka zimerudi. "Tarehe imepita" bado ipo, sasa mara nyingi ikifuatiwa na maelezo: nyekundu, au kijani lakini imenuka. Mikebe mizima haitupwi tena. Soseji na maziwa vinatupwa mapema kuliko Oktoba, nami ninauhesabu utupaji huo kuwa ushindi. Bukari iliyolala bado inaongoza, na kikao cha Februari ni chake: kila mama atakuja na kipimo anachotumia kuchotea unga, tukilinganishe na idadi ya walaji wa lupango lake, yaani boma lake.

Yaliyobaki kwa sasa: kuchapa ubao wetu kwenye karatasi kubwa kwa ajili ya Ruashi, kupata jibu kutoka kwa mwenye butiki wa kona aliyeahidi rafu moja ya bidhaa za kijani zilizo karibu na mwisho, na mayai. Trei zinatufikia bila tarehe hata moja. Jaribio la maji, la kutazama kama yai linazama au linaelea, linatueleza umri wa yai tu, kama ni salama halisemi, kwa hiyo hadi tupate njia bora tunapasua kila yai kwenye kikombe chake na tunalipika hadi kiini kigande.